Kompyuta Iliyopona kwa Fundi na Kuugua Nyumbani

Kompyuta hii ililetwa kwangu Ngamiani, hapa Tanga, mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote tatu ilipofika mezani iliwaka bila tatizo. Ikirudi Sahare, nyumbani kwa mwenyewe, haimalizi usiku wa pili. Skrini inakuwa nyeusi katikati ya mchezo, feni zinazunguka, sauti inasikika kwenye hedifoni, lakini picha haipo. Siku nyingine skrini inapepesa kidogo, kibodi inakatika na kurudi yenyewe, na unasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kuchomolewa na kuchomekwa. Siku nyingine diski ya pili, yenye michezo, inatoweka kabisa mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu familia ilikwishatenga shilingi laki nne na nusu kununua kadi nyingine ya grafiki, kifaa kinachotengeneza picha ya skrini, na kadi ile haikuwa na ugonjwa wowote.

Mwenye mashine ni kijana aliyemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Alikusanya vipande kidogo kidogo kwa karibu mwaka mzima, akisaidiwa na mjomba wake aliyeko Dar es Salaam. Mjomba ndiye aliyeviunganisha, akaijaribu mashine wiki mbili, ikacheza vizuri, kisha akaipakia kwenye basi. Ilisafiri zaidi ya kilomita 300 kupitia Chalinze na Segera, imesimama kwenye buti kati ya mizigo, kadi ya grafiki ikiwa bado imechomekwa ndani.

Kwa vijana wanaocheza, ni mashine ya kawaida: prosesa (ubongo wa mashine) ya Ryzen 5 2600, mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) ya B450, ramu (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16 katika vipande viwili, kadi ya Radeon RX 580 iliyonunuliwa ikiwa imetumika, SSD ndogo (diski ya kasi) ya mfumo, diski ya terabaiti moja, na pawasaplai (kigawa umeme cha ndani) ya wati 550. Katika orodha hiyo kuna jambo la kushika mapema. Ryzen 5 2600 haina grafiki ndani yake. Kadi ikipoteza mguso, hakuna njia nyingine ya picha kufika kwenye skrini, hata kama mazabodi ina tundu la HDMI mgongoni. Nimeona watu wakikaa saa nzima wanahangaika na tundu hilo, wakati kwa prosesa kama hii hakuna kitu nyuma yake.

Hukumu zilizotangulia

Kabla yangu mashine ilipita kwa mafundi wawili. Siandiki kuwaaibisha, maana nami nilikosea kama wao.

Wa kwanza alifungua kumbukumbu za matukio za Windows, akakuta Kernel-Power namba 41 imejipanga mstari baada ya mstari, akasema pawasaplai imechoka. Kosa hili linarudiwa sana. Namba 41 haisemi kwamba umeme wa ndani umeanguka. Inasema tu kwamba Windows imewaka na kukuta kuwa mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Kijana alipoona giza kwenye skrini alikuwa anashikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, na kila alipofanya hivyo mstari mwingine wa 41 uliandikwa. Waliazima pawasaplai nyingine, giza likarudi siku ya pili.

Fundi wa pili aliigusa kadi, akaona ina moto, akasema inakufa. Nilipoipima baadaye ikiwa kwenye kazi nzito ilikuwa nyuzi 74, joto la kawaida kwa kadi ya aina hiyo. Mkono si kipimajoto. Lakini hukumu yake iliingia nyumbani, na mama wa kijana akaanza kutafuta hela ya kadi.

Ilipofika kwangu mara ya kwanza nililaza kasha ubavu, nikafungua mfuniko, nikachomoa ramu, nikaisafisha na kuirudisha kwenye matundu yake, la pili na la nne kutoka kwenye prosesa. Nikaendesha jaribio zito la grafiki saa mbili mfululizo. Hakuna kilichotokea. Nikamwambia kijana ilikuwa ramu. Mara ya pili nilibadilisha waya wa HDMI na kusakinisha upya programu ya kadi. Jaribio likapita tena, nikairudisha.

Mara zote mbili nilidhani nimeponya, kumbe sikuwa nimeuona ugonjwa wenyewe hata mara moja. Nilifanya kitu, kisha nikaona hakuna ubovu. Lakini ubovu ule haukuwepo hata kabla sijafanya kitu. Siku hizi nina kanuni moja, na nimeipata kwenye mashine hii: kama siwezi kuuita ubovu uje na kuufukuza uondoke kwa kutaka mwenyewe, basi bado sijaujua.

Mara ya tatu sikuchukua bisibisi. Nilivuta kiti nikaitazama ilivyolala mezani, nikajiuliza: hapa kuna nini ambacho Sahare hakipo, na huko kuna nini ambacho hapa hakipo? Majibu yalikuja haraka kuliko nilivyotarajia. Mezani kwangu kasha linalala, nyumbani linasimama. Kwangu mfuniko umefunguliwa, nyumbani umefungwa na skrubu zake. Umeme ni mwingine, soketi ni nyingine, skrini ni nyingine. Na kwangu ni Ngamiani, katikati ya nyumba na maduka, wakati chumba cha kijana dirisha lake linatazama bahari.

Daftari

Nilimpa kijana kazi ya siku nne. Kila tatizo linapotokea aandike saa, kilichoonekana, kitu gani kimewaka au kuzimwa ndani ya nyumba, na kama kuna mtu amegusa meza au kasha. Nikamkataza kubonyeza kitufe cha kuzimia kabla hajaandika.

Siku ya tano alikuja na mama yake. "Shikamoo mjomba," akaweka daftari mezani. Kurasa mbili na nusu, mwandiko mzuri. Mama hakungoja nisome.

"Fundi, mimi mambo ya kompyuta siyajui. Lakini nikiwasha pampu tu, huyu chumbani anapiga kelele. Nimemwambia muda mrefu, ananijibu mama, pampu na kompyuta wapi na wapi."

Nilihesabu matukio 19. Kumi na moja yalikuwa ya kibodi kukatika huku skrini ikipepesa sekunde moja au mbili, na kumi kati ya hayo yaliandikwa pembeni "pampu" au "friji". Sita yalikuwa ya giza kamili lisilorudi. Hayo hayakufuata pampu wala friji, lakini manne yalikuja muda mfupi baada ya kuchomeka hedifoni mbele ya kasha au kuvuta droo ya meza. Mawili yalikuwa ya diski kutoweka, yote asubuhi mashine inapowashwa.

Kwa hiyo hatukuwa na ugonjwa mmoja. Tulikuwa na miwili, labda mitatu, imevaa nguo za aina moja. Hapo ndipo sote tulipopotea: kila aliyetafuta sababu moja ya kueleza yote alikuta sehemu ya dalili inakubali na sehemu inakataa. Mama alikuwa na jibu la matukio kumi kati ya kumi na tisa tangu mwanzo, na hakuna fundi aliyemwuliza, mimi nikiwa miongoni mwao.

Chumbani

Nilikwenda Sahare jioni, wakati ambao matatizo yalikuwa mengi zaidi. Chumba ni safi, meza iko chini ya dirisha la nyavu, kasha limesimama sakafuni upande wa kulia. Skrini imechomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani kwa plagi yake ya pini tatu. Kompyuta imechomekwa kwenye ekstensheni inayopita chini ya mlango kutoka sebuleni. Kati ya viwili hivyo kuna waya wa HDMI.

Nikamwuliza kijana kama kasha huwa linamtekenya. Akasema hapana. Kisha akafikiri: "Isipokuwa nikichomoa waya wa skrini. Hapo ukigusa chuma unasikia kama sisimizi wanatembea mkononi."

Jibu hilo lilinifikisha nusu ya njia. Nilitoa mita. Ukutani, kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), volti 226. Kati ya laivu na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, 225. Soketi ya ukutani ilikuwa na ethi nzuri. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya chuma nyuma ya kasha na nyingine kwenye ethi ya ukutani: HDMI ikiwa imechomekwa, chini ya volti 2. Nikazima mashine, nikachomoa HDMI, nikaiwasha tena na kupima: volti 108.

Ndani ya pawasaplai kuna kichujio cha makelele ya umeme. Kina kapasita ndogo, moja kutoka laivu kwenda kwenye chuma cha kasha, nyingine kutoka nyutro kwenda hapo hapo. Ethi ikiwepo, kinachovuja kinapita kwenye waya wa ethi na hakuna anayekihisi. Ethi ikikosekana, chuma cha kasha kinabaki kinaelea katikati ya laivu na nyutro, karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, ndiyo maana unatekenya badala ya kurusha. Lakini HDMI ilipochomekwa, kasha lilipata ethi kupitia wavu wa chuma unaozunguka nyaya ndani ya HDMI, ukapita kwenye skrini, mpaka ukutani. Waya wa picha ulikuwa umegeuzwa waya wa ethi wa kompyuta nzima. Pampu ilipowaka, mshtuko wa umeme ulipita njia hiyo hiyo ya picha. Skrini ikapepesa, na vifaa vya USB, ambavyo hutegemea mawimbi madogo sana, vikapoteza mazungumzo na mazabodi.

Tulichomoa ekstensheni ukutani. Mita nikaiweka kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye tundu la ethi. Kimya. Nikafungua plagi: waya uliingia na nyuzi mbili tu, ya kahawia na ya buluu. Ile ya njano na kijani haikuwepo. Matundu matatu kwa nje, nyaya mbili kwa ndani. Ekstensheni za namna hii zimejaa majumbani, na nasema kwa uchungu, kwa sababu ethi kazi yake ya kwanza si kompyuta, ni roho ya mtu. Siku laivu itakapogusa kasha lisilo na ethi, hakutakuwa na sisimizi tena. Kipimo hicho cha mlio kinafanyika ekstensheni ikiwa haijachomekwa popote, kwa hiyo mtu yeyote mwenye mita anaweza kukifanya kwa usalama. Usipime kwa kidole.

Nilikuwa nimekuja na ekstensheni yangu yenye nyaya tatu. Tukaibadilisha, tukamwomba mama awashe na kuzima pampu mara ishirini. Hakuna kilichopepesa. Kisha nikarudisha ile mbovu, kijana akashangaa. Kwenye kuwasha kwa nne kibodi ikakatika. Nikaweka nzuri tena, mara ishirini nyingine, kimya. Sasa ubovu ule ulikuja nilipouita na kuondoka nilipoufukuza. Ule niliujua.

Giza

Ekstensheni haikueleza giza kamili. Kuhusu hilo nilikuwa na shaka na namna kasha lilivyosimama.

RX 580 ni kadi nzito, ina vyuma vya kupoza na feni mbili. Kasha likisimama, kadi inalala kama rafu, imeshikwa upande mmoja na mazabodi na nyuma na skrubu za kasha. Kasha likilala mezani, kadi inasimama wima, na uzito wake wote unaisukuma ndani ya tundu lake. Kila nilipoiweka mezani kwangu nilikuwa naitibu bila kujua, na kila kijana alipoisimamisha nyumbani ilikuwa inaanza kuning'inia.

Nilipofungua mfuniko, kasha likiwa bado limesimama, nilimwita kijana aone. Kadi ilikuwa imeinama kwa mbele, kiasi cha upana wa kidole. Nyuma kulikuwa na skrubu moja badala ya mbili. Na klipu ya mwisho wa tundu, ambayo inatakiwa ilie "ta" na kuishika kadi, ilikuwa wazi. Sijui kama haikufungwa tangu Dar es Salaam au ilifunguka njiani, lakini safari ya basi kadi ikiwa ndani inatosha kabisa kufanya hivyo. Kadi nzito ichomolewe kabla ya safari na isafiri kwenye boksi lake.

Kwa macho tu mtu anaweza kubishana, kwa hiyo tulitafuta namba. Programu ndogo iitwayo GPU-Z inaonyesha kadi inazungumza na mazabodi kwa njia ngapi. Tundu lile refu lina njia 16. Kadi na mazabodi hukubaliana idadi wakati mashine inawaka, na meno ya kadi, vile vipande vya chuma vinavyoingia kwenye tundu, yakikosa mguso hupunguza: kutoka 16 hadi 8, hadi 4, hata 1, na mashine itawaka kama kawaida bila kukuambia. Hapa kuna mtego. Ukiwa hufanyi kitu, programu hiyo itaonyesha kasi ya 1.1 badala ya 3.0, na wengi huogopa. Hiyo ni kadi kupunguza mwendo ili kuokoa umeme. Ipe kazi, itapanda. Cha kutazama ni idadi ya njia.

Kasha likilala: x16, yaani njia zote 16. Tukazima, tukalisimamisha, tukawasha: x8. Tukarudia: x8 tena. Mara ya tatu: x4. Tukalilaza: x16. Kwenye kumbukumbu za matukio, juu ya zile 41 zilizompoteza fundi wa kwanza, kulikuwa na WHEA-Logger namba 17 kwa mamia, ambayo maana yake ni kwamba njia ya kadi inakosea na kujisahihisha, inakosea na kujisahihisha. Mashine ilikuwa inalalamika kwa wiki kadhaa. Hatimaye, mchezo ukiwa unaendelea na kasha limesimama, niligonga ubavu wa kasha kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, pole pole. Mara ya pili giza likaingia, sauti ikaendelea. Kijana akasema, "Ndiyo hiyo, mjomba. Ndiyo hiyo hiyo."

Alinikumbusha pia kwamba asubuhi mashine ikikataa kuwaka alikuwa anaipiga kofi, na ikikubali anashukuru. Kifaa kilichokufa hakijali kofi. Kinachojali kofi, kusogezwa, au kulazwa, karibu kila mara ni mguso, na hapo mtu aanze na meno na matundu kabla hajafika dukani. Nasema karibu kila mara kwa sababu hata solda iliyopasuka inaweza kufanya hivyo, lakini solda unaishuku baada ya kumaliza yale unayoweza kuyachomoa kwa mkono.

Chumvi

Nilipoichomoa kadi, meno ya mwisho yalikuwa na utando mwembamba wa kahawia. Skrubu za nyuma ya kasha zilikuwa zimeanza kutu, na mdomo wa USB ya mbele ulikuwa na madoa ya kijani. Mashine ya miezi michache.

Meno yale yamepakwa dhahabu, na dhahabu haioti kutu. Lakini tabaka lenyewe ni jembamba mno, lina vinyweleo na mikwaruzo, na chini yake kuna metali inayoliwa. Hewa ya pwani inaleta chumvi pamoja na vumbi, na chumvi ikishatua haikai kavu: unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi huanza kunyonya maji hewani na kuyeyuka. Kila jiko la Tanga linalijua hili, ndiyo maana tunatia punje za mchele kwenye kopo la chumvi. Kasha la kijana lilikuwa chini ya dirisha linalotazama bahari, na feni zake za mbele zilikuwa zinavuta upepo ule kila mashine ilipowaka. Hii ilieleza pia kwa nini asubuhi mashine ilikuwa inakataa kuwaka. Usiku unyevu unapanda, mashine imezimwa na imepoa, hakuna joto la kuikausha.

Nilisafisha meno kwa isopropili, aina ya alkoholi, ya asilimia 99 na kitambaa kisichoacha nyuzi, mara tatu, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Mafundi wengi tunatumia raba ya shule, nami nimeitumia miaka mingi. Nimeiacha. Inang'arisha kwa sababu inakwangua, na inachokwangua mwishowe ni ile dhahabu. Petroli na spiriti ya kupaka rangi zisisogee kabisa hapo.

Kadi ilirudi, klipu ikalia, skrubu ya pili ikafungwa. Kuizuia isiiname tena nilikata kipande cha paipu nyeupe ya plastiki, ile ya kupitishia nyaya za umeme ukutani, kwa urefu wa kutoka sakafu ya kasha hadi chini ya ukingo wa kadi, mbali na feni. Haipitishi umeme, na bei yake haifai hata kutajwa. Tukaisimamisha mashine: x16. Mara tano mfululizo, x16. Nikagonga ubavu kwa mpini ule ule, kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, picha ikatulia.

Diski

Hili lilikuwa fupi. Diski za SATA, zile zinazounganishwa na mazabodi kwa waya, huhesabu zenyewe makosa ya mawasiliano kati yao na mazabodi, katika kipengele namba 199 cha taarifa zao za afya. Kipengele hicho kikipanda wakati sekta mbovu (sehemu za diski zilizoharibika) ni sifuri, shuku waya kabla ya diski. Kwa kijana kilisoma 37, sekta mbovu sifuri. Tulipofunga mfuniko nikaona unaukandamiza waya wa SATA pale unapopinda. Mezani kwangu mfuniko ulikuwa wazi siku zote, kwa hiyo waya ulikuwa unapumua. Tuliweka waya wenye kichwa kilichopinda. Namba 37 haitarudi sifuri kamwe, diski haifuti hesabu hiyo. Tunachotaka ni isifike 38.

Gharama na kilichobaki

Ekstensheni yenye nyaya tatu shilingi 28,000, waya wa SATA 5,000, skrubu nilikuwa nazo, kipande cha paipu ni mabaki ya kazi nyingine. Laki nne na nusu zilibaki kwa mama. Sikutoza zile mara mbili za kwanza, maana sikuwa nimetibu kitu.

Ekstensheni mbovu niliomba niondoke nayo. Nilimweleza mama kwamba asimpe jirani wala asiitupe nzima, maana itaokotwa na kuchomekwa kwingine, labda kwenye pasi au friji. Niliikata waya vipande mbele yake. Nilimshauri pia amwite fundi umeme apime ethi ya nyumba nzima, kwa sababu mimi nilipima soketi mbili tu, na pampu inakaa penye maji.

USB ya mbele sikuiponya. Kutu ilikuwa imeingia ndani mno, na tundu linalogusa vibaya linaweza kusumbua mengine, hivyo nilichomoa waya wake kwenye mazabodi na kijana anatumia matundu ya nyuma. Meza imehamishiwa ukuta wa upande wa pili, mbali na dirisha. Hakufurahi, alipenda kuona bahari. Nikamwambia mashine imegeuka, yeye bado anaweza kugeuza kichwa.

Baada ya wiki sita, kusi likiwa limekaza, nilipita Sahare kwa shughuli nyingine, nikapiga hodi. Ilikuwa kama saa mbili usiku. Kumbukumbu za matukio hazikuwa na namba 17 hata moja tangu siku ile, GPU-Z ilisema x16, diski ilisema 37. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni mama alipokwenda nyuma ya nyumba kujaza tangi. Pampu ikanguruma. Nilitazama skrini, halafu nikamtazama kijana. Alikuwa kwenye mchezo na rafiki zake, hedifoni kichwani, na hakugeuka.